Kiti cha Mutoto wa Pili

Siku ya Mungu, kule Nyamianda, Mama Candide alikuwa anapembua muchele mbele ya nyumba. Jua nzuri. Watu wametoka misa. Ndani, muke wa kijana wake, Noella, alikuwa anapanga meza ya foto mbele ya rido, pazia ya mulango.

"Délice, usiguse kuku! Foto kwanza!" akamukemea binti yake.

Kila siku ule mutoto anakula bugali na tusamaki twa ndagala, tena kidogo. Lakini kwenye Fesibuku walikuwa familia ya wakubwa. Baba yake, Basile, aliingia, akakumbatia muke wake, akacheka meno yote. Foto ikapigwa. Akavaa viatu, akarudi Kavimvira kwa mwanamuke wake mwingine. "Bwana wangu, zawadi ya Mungu," Noella akaandika. Haya hana.

Candide akaona robe nyeupe Délice aliyovaa, akaweka muchele chini. Ilikuwa ya Annie, mutoto wa jirani Generose. Muto ulimubeba ule mutoto wakati wa mvua. Matanga bado haijatolewa. Nguo ya marehemu haivaliwi mbele ya matanga kutoka, hata mujinga anajua. Generose aliianika tu ipate upepo, akaenda soko.

"Muvue mutoto hiyo nguo!"

"Eh, mama! Nimeazima kidogo. Nani atajua?"

Generose akaitafuta nyumba kwa nyumba. Noella akasema hajaiona.

Mangaribi, Candide akachukua simu ya Noella. Kusoma alijifunza juzi tu, kanisani. Akafuatisha na kidole maneno muntu aliyoandika chini ya ile foto: "Watoto wako wazuri, wote wawili. Ule wa kwenye rido anaitwa nani?"

Noella alikuwa na mutoto mumoja.

"Futa ile foto. Minye naogopa."

"Nifute? Weye hauone like zinapanda?"

Mwingine akauliza: mbona ule wa kwenye rido anachuruzika maji? Kesho yake, Délice akaanza kutetemeka na jua kali. "Nyanya, baridi."

Muntu wa akili angerudisha robe, apige magoti. Noella, siku ya Mungu iliyofuata, akamuvalisha tena. Akaongeza kiti cha pili. Na sahani.

"Watu wanapenda wawili. Tuwape wawili."

Akapiga foto.

Mutoto akasimama. Kuku hakuiangalia. Candide akamushika mukono. Baridi. Baridi ya muto. Mutoto akajitoa, akavuka njia, akagonga kwa Generose.

"Mama. Nimerudi."

Generose akapiga kelele. Noella alikuwa nyuma, simu mukononi.

"Délice, geuka kidogo! Uso hauonekane!"

Mpaka leo mutoto analala kwa Generose. Ukimuita Délice, haitike. Noella anaendelea kuweka foto.

Lakini ile ya viti viwili, Candide anaifungua kila asubuhi. Mutoto wa robe nyeupe ameketi. Kiti cha pili kimelowa. Na kwenye rido kuna mutoto mwingine, na kanzu iliyopasuka bega, ile ya Délice ya kila siku, yenye Noella hakuitaka kwenye foto.

Mukono ameunyoosha kwenye meza. Kila asubuhi umesogea kidogo.

Kuku bado hajaigusa.