Rauta Nyuma ya Madebe ya Asali

Kosa lilikuwa langu. Nalikiri mapema, kabla mke wangu Getrude hajawaambia yeye. Rauta yetu ya mtumba, kile kisanduku cha kugawa intaneti, niliiweka stoo, nyuma ya madebe nane ya asali, nikaifunika kwa kitambaa cha kufuma. Kwetu Ilembo kitu cha thamani hakikai wazi. Kinafichwa, tena kinavishwa.

Jumamosi hiyo mchana ulikuwa mtulivu kama ndoto. Nyuki walizunguka dirisha la stoo taratibu, utadhani wamesinzia. Sebuleni, kwenye kompyuta yetu ya zamani, kiduara cha kusubiri mtandao nacho kilizunguka tu.

"Baba Dona, kesho mtoto anabatizwa," Getrude alisema.

Binti yetu Donatille alikuwa amejifungua huko Mwanza. Kwenye ukoo wa Getrude, bibi ndiye anayetoa jina, na hatoi kabla hajauona uso wa mtoto. Kwenye simu macho yake yanaona ukungu tu. Alihitaji kioo kikubwa.

"Taja jina lolote, uso utauona Krismasi," nilimtania.

"Mjukuu wangu ni kuku, nimwite bila kumwona?"

Nikampigia Zubeda, fundi simu wa sokoni. Alipofika stoo alicheka mpaka akashika ukuta.

"Baba Dona, umeiozesha hii rauta, mbona ina shela?"

"Naikinga vumbi."

"Mawimbi yake hayapenyi bati la madebe haya vizuri, na asali inayameza. Yanatokea dirishani tu, kwa jirani."

Nikaelewa kwa nini jirani yetu Selestine ameangalia tamthilia jikoni kwake wiki nzima. Siku ya kuiweka, paswedi yake, neno la siri, niliisoma kwa sauti pale pale dirishani.

"Rauta inakaa juu, wazi, katikati ya nyumba," Zubeda alisema. Akaipandisha juu ya kabati la sebuleni. Taa zake za kijani zikawaka polepole.

"Na kompyuta?" Getrude aliuliza. "Si ndiyo imezeeka?"

"Uzee siyo ugonjwa, mama. Hii haikutengenezwa ikiwa na waifai ndani. Hiki kidude cha kunasa waifai mlichochomeka ndicho sikio lake. Ila kipo nyuma, kimebanwa na ukuta." Akakihamishia mbele. "Rauta ina masafa mawili. Chagueni yale ya gigahezi 2.4. Vifaa vya zamani vinayajua, na yanapita kuta vizuri zaidi."

"Tumemaliza?" niliuliza.

"Bado paswedi. Iliyokuja na rauta ya mtumba wengi wanaijua. Wekeni mpya, ndefu, herufi na namba. Isiwe jina la mtu."

Getrude akaitunga mwenyewe. Mpaka leo hajaniambia.

Akampigia Donatille kwa video, kiduara kikasimama. Kioo kikajaa uso mdogo umelala, mdomo ukinyonya hewa. Sebule nzima ilinuka asali, na mimi nikahisi Mwanza ipo hapo nyuma ya kabati. Getrude alisogea mpaka pumzi yake ikaweka mvuke kwenye kioo.

"Mama, unamwona?" Donatille aliuliza.

"Namwona. Huyu ni Restituta."

Zubeda naye akainama. Selestine, tamthilia yake ikiwa imekatika, alikuja kuuliza kuna nini, akainama pia. Mimi nikabaki naangalia migongo mitatu.

"Sogeeni kidogo," nikasema.

Migongo haikusikia.

"Jamani, na mimi ni babu yake. Sogeeni nimwone."