Spiriti ya Mathenge na Mpunga wa Mama

Wasomaji wenzangu, nisameheni mwandiko huu uliopinda na herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la nane na huandika polepole, neno moja nalifuta mara tatu. Lakini haya lazima niyatoe...

Nina miaka kumi na tisa. Naishi na mama karibu na Garsen, na mpunga tunaolima kando ya Mto Tana ndio tunaokula mwaka mzima. Kazi yangu ilikuwa kuamia: kukaa juu ya dungu tangu alfajiri nikiwafukuza kwelea, ndege walao nafaka, kwa kelele na kombeo.

Kazi hiyo niliidharau! Mgeni mmoja aliyekuja kurusha kindege cha kuchezea kikaanguka aliniachia injini yake, ndogo kama ngumi ya mtoto, pamoja na chupa ya mafuta yake, spiriti iliyochanganywa na mafuta ya mbarika. Nilipoiwasha ikalia kama nyuki waliochokozwa! Nikaapa nitaiundia mabawa, niifunge uzi, izunguke juu ya mpunga na kuwatisha ndege. Mimi nilale.

Chupa iliisha kwa siku mbili. Nikajaribu mafuta ya taa. Kimya. Petroli ya bodaboda ikaniunguza nyusi. Basi nikaanza kuchachusha maganda matamu ya mathenge, ule mti wa miiba uliozagaa huku kwetu, na kuyachemsha nyuma ya nyumba, nipate spiriti yangu mwenyewe.

Jilo, mtoto wa mjomba, akajitolea kukaa kwenye dungu badala yangu.

"Wewe ni injinia, msee. Hao ndege niachie mimi."

Nikavimba kichwa, mjinga mimi! Kila jioni aliniambia hakuna hata suke lililoguswa.

Mwongo yule! Baadaye nilikuja kuambiwa: kumbe shambani hakukanyaga hata siku moja. Alikuwa akichota spiriti niliyokuwa nikiikusanya mtungini kabla sijaijaribu, akajaza maji nisigundue, kisha akawapelekea walevi wa Garsen...

Mama alipokwenda kuvuna alikuta masuke yamesimama wima, matupu. Makapi! Akarudi na majirani, kikapu hakina kitu. Kabla sijafungua mdomo, Jilo akanitangulia: "Shangazi, mimi nilimkanya. Mwanao anapika pombe."

Pombe! Kwa mama asiyekosa swala! Akanusa mtungi, akanitazama. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba ni ya ndege.

"Ya ndege? Haya, irushe. Tuone."

Nikajaza tangi la injini, nikazungusha feni yake kwa kidole. Ikakohoa mara mbili, ikatema maji. Nikazungusha mpaka kidole kikatoka damu... Jirani mmoja akauliza, "Hiki kitafukuza kwelea ama kitawaita?" Wakacheka wote, na Jilo akacheka kuwashinda!

Namdharau Jilo, mwizi asiye na haya. Lakini najidharau zaidi. Kutoka nyumbani hadi shambani ni mwendo mfupi tu. Mbona sikwenda kuangalia hata mara moja?

Sasa mama, na magoti yake mabovu, anapanda dungu la shamba la wengine ili apewe vibaba vya mpunga. Akirudi hunipakulia chakula mimi kwanza.

Vijana wenzangu, chezeeni injini mtakazo, lakini chakula cha mama msimwachie mtu kwa sababu amewasifu!

Mama bado anaamini nilikuwa mpika pombe. Nikisimama mbele yake ulimi unakufa... Tafadhali niandikieni kwenye ukurasa huu: nianze na neno gani?