Msamaha wa Baba Mdogo Melkior

Kila jioni, akitoka shule, Theodora alikata majani ya ng'ombe kihambani, kwenye shamba la ukoo, kisha akamsaidia mama yake kumenya ndizi za mtori. Alikuwa darasa la saba, na kazi za nyumbani alizijua. Jambo moja tu halikuzungumzwa katika nyumba ile: kaka yake, Evaristo, aliyejiua mwaka uliopita. Watu wakiuliza, waliambiwa aliugua ghafla. Theodora aliagizwa afunge mdomo, naye akaufunga.

Jumatano moja ya Kwaresima, baba yake mdogo, Melkior, alipiga hodi akiwa ameshika majani ya isale. Huko Uchaggani, anayekuletea isale anakuomba msamaha, na kumkatalia ni vigumu mno.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mama yupo?"

Mama yake, Valeria, akatoka akijifuta mikono. Melkior akampa yale majani kwa mikono miwili.

"Shemeji, kama nimewahi kukukosea, nisamehe."

"Jamani! Unikosee nini wewe? Nimekusamehe."

"Basi, mkasi wangu wa kupogolea kahawa nao uchukueni. Sitauhitaji tena."

Akaondoka. Hakuketi hata kidogo, yeye ambaye zamani hakutoka pale bila bakuli la mtori na porojo za saa nzima.

"Umeona Mkristo yule?" mama alisema kwa furaha. "Ameshapita kwa majirani pia, kwa Eliakim na kwa Hilaria. Kwaresima imemwingia!"

Theodora hakufurahi. Wiki ile ya mwisho, Evaristo naye alizunguka akiomba radhi kwa makosa yasiyokuwepo, akampa Theodora jezi yake ya mpira. Naye, mtoto wa watu, akaruka kwa furaha! Tangu siku hiyo jambo hilo lilimtafuna moyoni. Na huyu Melkior, tangu afiwe na mkewe, alikuwa amekonda, halali, kwenye sala za jumuiya haendi, na kahawa zake zimemezwa na magugu. Watu walisema ni uvivu.

"Mama, baba mdogo anaaga."

"Anaaga kwenda wapi?"

"Alikokwenda Evaristo."

Mama aliinua mkono ampige kofi, akaushusha. Theodora akasema yote, mpaka habari za jezi. Mama alisikiliza bila kumkatiza, kisha akavaa kandambili zake.

"Twende."

Walimkuta Melkior jikoni, ameketi mbele ya meko yasiyo na moto. Mama Valeria ni bingwa wa kuzunguka maneno, lakini siku hiyo hakuzunguka.

"Shemeji, unafikiria kujiua?"

Melkior akalia.

"Nimechoka, shemeji. Nimekuwa mzigo kwa kila mtu."

"Mzigo? Wewe ni ndugu yetu! Hatukuachi peke yako hata dakika moja."

Eliakim, jirani mwenye gari, alipigiwa simu, na jioni ile ile wakamfikisha hospitali mjini Moshi. Daktari alisema ni sonona kali, ugonjwa kama ugonjwa mwingine, unaotibika ila unataka muda. Akamlaza.

Muuguzi alikuwa akijaza fomu. "Kuna mwingine katika ukoo aliyewahi kujiua?"

Theodora akainamisha kichwa. Mama akavuta pumzi.

"Yupo. Mwanangu, Evaristo."

Walipotoka nje, Theodora alishindwa kujizuia. "Mama, ningesema siku ile ya jezi, angepona?"

"Hilo hatulijui, mwanangu. Ulikuwa mtoto, hukujua, na hata mimi niliyemzaa sikujua. Kosa si lako. Kosa letu wakubwa ni kuuficha ugonjwa wake kama aibu, tukakufunga mdomo wewe uliyeona dalili. Ukimwona mtu amebadilika hivi, sema. Mkubwa mmoja asipokusikia, mwambie mwingine, na mwingine tena. Hata kama ni mimi niliyekwambia unyamaze."

Wakakaa kwenye benchi. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, mama akamlilia Evaristo kwa jina, mbele za watu, na Theodora akalia naye.