Beki Asiyetakiwa Kupona

Tufani ya theluji ilikuwa imetangazwa redioni tangu asubuhi, na Jumamosi ile ya Desemba nusu ya mji wa Saskatoon ilijazana kwenye duka moja kubwa la vyakula, watu wakigombania mkate na maziwa kama wanaojiandaa kwa vita. Larysa Dubyk, katika koti lake jekundu la sufu na buti zilizolowa hadi vifundoni, alikuwa ameshafika kwenye mboga pale kitoroli cha mtu mwingine kilipomgonga ubavuni. Aligeuka. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu, mabega kama mlango, kavaa miwani ya jua.

"Miwani ya jua ndani ya duka," Larysa alisema. "Ndiyo maana huoni unakokwenda."

Mwanamume alishika rafu, rangi ikamtoka usoni, kisha akajishusha polepole mpaka akaketi juu ya magunia ya viazi. Watu walimpita kama hawamwoni. Larysa aliacha kitoroli chake akamwinamia.

"Ni hizi taa," alisema yule bwana kwa sauti ndogo. "Zinanipiga kichwani. Nipe dakika moja tu, dada."

Alipovua miwani kujifuta jasho, Larysa aliona kovu kwenye kidevu, na moyo wake ukaruka. Alikuwa Garnet Fehr, beki wa klabu ya hoki ya barafuni ya mji huo. Larysa alifanya kazi ghorofa ya juu ya klabu hiyohiyo, kwenye ofisi ya mishahara ya wachezaji, na kwa miaka mitatu jina la Garnet lilikuwa mbele ya macho yake kila siku. Alijua analipwa nini, mkataba wake unaisha lini, na kwamba una kifungu kinachomruhusu kukataa kuhamishwa. Lakini hawakuwahi kusalimiana. Oktoba mchezaji wa timu pinzani alimbamiza Garnet kwenye ukuta wa uwanja, kichwa kikatangulia, na tangu siku hiyo hakucheza tena.

Larysa aliona ni vyema amwambie mapema anafanya kazi wapi. Garnet alicheka huku kafumba macho.

"Kumbe unanifahamu kuliko mama yangu."

"Naufahamu mshahara wako tu."

"Wasichana wengi huanzia hapo."

Larysa alimpeleka hadi kwake kwa gari, theluji ikiwa imeshaanza kuanguka, na kabla hajashuka Garnet alimwomba namba ya simu. Alimweleza kwamba hawezi kusoma ujumbe, maandishi kwenye kioo yanamtia kichefuchefu, kwa hiyo, kama hatajali, atampigia. Akapiga kesho yake, na keshokutwa, na kila siku iliyofuata. Labda ndiyo sababu walipendana upesi hivyo: hawakuwa na njia nyingine ila kuzungumza. Larysa alimsomea magazeti kwenye simu, akiruka kurasa za michezo. Migahawa ilikuwa na mwanga mwingi na kelele nyingi, kwa hiyo alimpikia kwake, mapazia yamefungwa, taa moja ikiwaka pembeni. Garnet alimwita Bi Kikomo, kwa sababu ya kazi yake.

Na kazi hiyo ndiyo iliyoanza kumnyima usingizi. Ligi imeweka kikomo cha mishahara. Klabu ikikivuka, inaadhibiwa. Lakini mchezaji akiumia vibaya, jina lake huwekwa kwenye orodha ya majeruhi wa muda mrefu, na klabu ikaruhusiwa kutumia nafasi yake kumlipa mtu mwingine. Larysa mwenyewe ndiye aliyeliweka jina la Garnet kwenye orodha ile. Kwa nafasi iliyopatikana klabu ilinunua beki mpya kutoka mashariki, beki mzuri, na Januari yote timu ikashinda. Mji ulifurahi. Larysa alishangilia pamoja na wenzake ofisini, kisha jioni akampigia simu mwanamume ambaye ugonjwa wake ndio ulioilipia furaha ile.

Februari Garnet alianza kupata nafuu. Siku moja ya mapumziko alimpeleka Larysa shambani kwa wazazi wake, karibu na Hague, akamshika mkono mpaka kwenye bwawa lililoganda nyuma ya ghala. Akavaa viatu vya kutelezea. Alikuwa akifanya hivyo kwa siri, alisema, na hakuna anayejua, hata wakala wake. Alizunguka bwawa mara ya kwanza taratibu, ya pili kwa kasi, ya tatu akiwa amegeuka kinyumenyume, akicheka, mvuke ukimtoka mdomoni. Hakuwa amewahi kuwa mzuri hivyo machoni pa Larysa. Lakini kila alipokata kona, Larysa alipiga hatua kuelekea barafuni, kama wa kumdaka.

"Machi nitarudi uwanjani," alisema alipokuja kusimama mbele yake.

"Daktari anasemaje?"

"Daktari hajaniona leo."

Wiki hiyohiyo meneja mkuu, Bwana Pruden, alimwita Larysa ofisini na kufunga mlango. Hakuwa mtu mbaya; alizungumza kwa upole, kama mtu anayeagiza chai. Alisema amesikia kwamba Larysa anaonana na Fehr, na kwamba hayo si yake kuyaingilia. Ila anataka kujua: anapona? Kwa maana akirudi kabla ya msimu kwisha, klabu itavuka kikomo na itabidi wachezaji wawili waondoke. Larysa alimjibu kwamba hilo aulizwe daktari wa klabu. Pruden alitikisa kichwa, akaendelea. Ipo klabu ya huko kusini jangwani ambayo mishahara yake iko chini ya kiwango cha chini kinachotakiwa na ligi. Inatafuta jina la kujazia hesabu hiyo, hata la mtu asiyecheza. Wataliomba jina la Fehr. Larysa aandae hesabu, na asimwambie mtu yeyote mpaka wakala wa Fehr atakapopigiwa simu.

Basi Larysa akawa na siri mbili, moja ya kila upande, na zote hazikuwa zake kuzitoa. Aliunguza chakula. Simu ikilia anashtuka. Garnet akimuuliza ana nini, anasema amechoka.

Jumapili walikula kwa mama yake Garnet: vereniki, vifuko vya unga vilivyojazwa jibini na kumiminiwa mchuzi wa malai, na soseji ya moshi. Mama Fehr, mwanamke mfupi wa kitambaa kichwani na maneno machache, alimjazia Larysa sahani mara mbili. Garnet alimuuliza mama yake kama baba amekwenda kanisani. Mama akamjibu kwamba ndiyo, yuko kikaoni. Baada ya muda kidogo akamuuliza tena swali lilelile. Larysa na mama waliangaliana.

Ndipo simu ya Garnet ilipolia. Aliinuka, akasikiliza akiwa dirishani, akasema sawa, sawa, nitafikiria. Aliporudi mezani alibaki amesimama.

"Wanataka kunihamisha," alisema. "Jangwani. Sitahitaji hata kuhamia, eti. Wanahitaji jina tu."

Kijiko cha mama kilisimama hewani. Garnet akamtazama Larysa, na Larysa hakuwahi kujifunza kuigiza mshangao.

"Ulijua."

"Nilijua," alisema Larysa. "Wiki nzima."

Walitoka kibarazani, baridi ikiwachoma masikio. Garnet alimuuliza kama ameiambia klabu kwamba yeye ameanza kuteleza barafuni. Larysa akasema hajamwambia mtu, kama vile ambavyo hakumwambia yeye habari za jangwani. Alikuwa amekatazwa, na alidhani kunyamaza pande zote mbili ndiyo haki.

"Klabu yangu inataka niwe mgonjwa," alisema Garnet. "Hao wengine wanataka niwe mgonjwa. Wakala wangu anasema ni mpango mzuri. Niambie wewe, Larysa. Kuna mtu hata mmoja anayetaka nipone?"

"Mimi nataka upone. Sitaki ucheze."

"Ni kitu kimoja."

"Si kitu kimoja, Garnet."

"Na anayekulipa kwa kusema hivyo ni nani?"

Larysa aliingia garini akaondoka. Barabara ya kurudi mjini imenyooka kama rula, na hiyo ilikuwa bahati yake, maana machozi hayakumwacha aone vizuri.

Siku zikapita bila simu. Kilichomuuma zaidi ni kwamba swali lile lilikuwa la haki. Alichokitaka yeye kwa mapenzi, klabu ilikitaka kwa hesabu, na mtu wa nje angewezaje kutofautisha? Mwishowe alikwenda kwa Bwana Pruden akamwambia kwamba anampenda Garnet Fehr na hawezi tena kugusa hesabu zake. Aliomba kazi nyingine yoyote ndani ya klabu. Pruden alimsikiliza, akamwambia kwa huzuni ya kweli kwamba kwa yale ambayo Larysa anayajua sasa, hana pa kumweka. Larysa alitoa kitambulisho chake shingoni akakiweka mezani. Kazi hiyo alikuwa ameiota tangu akiwa shule.

Alipofika nyumbani alimpigia Garnet. Hakupokea, akamwachia ujumbe wa sauti.

"Nimeacha kazi. Sikuacha kazi ili unirudie, usifikiri hivyo. Nilitaka tu nikwambie jambo hili nikiwa silipwi na mtu. Jumapili ulimuuliza mama yako swali moja mara mbili, na wewe hukujua. Usirudi uwanjani, mpenzi. Nichukie, lakini usirudi."

Garnet hakupiga. Siku ya mwisho ya kuhamisha wachezaji ilifika, na Larysa alisikia redioni, kama kila mtu, kwamba beki Fehr amepelekwa jangwani. Mtangazaji alisoma jina lake haraka, kati ya majina mengine, kisha akasoma hali ya hewa. Bila sahihi yake asingehamishwa, lakini Larysa hakujua kama ile ni sahihi ya mtu aliyekubali au ya mtu aliyekata tamaa. Alilala na simu mkononi.

Ilikuwa mwisho wa Machi ilipolia. Garnet alimuuliza yuko wapi. Larysa alikuwa karibu na mto, akitoka kwenye usaili wa kazi katika benki, amevaa sketi nyeusi na viatu visivyofaa kwa tope. Akaambiwa asubiri hapohapo. Chini ya ukingo barafu ya mto ilikuwa imeanza kupasuka, ikitoa sauti kama ya mbao zinazovunjwa.

Alikuja kwa miguu, amekonda, ndevu hazijanyolewa. Hawakukumbatiana. Alisema alikwenda Calgary kwa daktari asiyelipwa na klabu yoyote, na mama yake akaenda naye.

"Akaniambia nisimame kwa mguu mmoja, nifumbe macho. Nikamwangukia, maskini, akamwaga kahawa yake. Akasema nikipigwa tena, huenda nisiwatambue watoto wangu. Nikamwambia sina watoto. Akasema, basi wafikirie utakaowapata."

Larysa alimshika mkono wa koti.

"Nimesaini," Garnet aliendelea. "Wakala anasema kuna neno moja nisilitamke popote mpaka mkataba uishe. Nikilitamka, malipo yanakatika."

Larysa alilijua neno hilo na bei yake kuliko mtu yeyote mjini. "Basi usilitamke."

Garnet aliinama mpaka mdomo ukagusa sikio lake. "Nimestaafu," alinong'ona, na mabega yake makubwa yakaanza kutetemeka. Larysa alimshika palepale njiani, wapita njia wakiwazunguka, mpaka kutetemeka kukaisha.

"Jina langu sasa ni la watu wa jangwani," alisema Garnet akijifuta uso kwa kofia. "Mimi mwenyewe nimebaki hapa, na hakuna aliyenisajili."

"Unataka nikusajili?"

"Nataka unioe, kama unaona unaniweza. Au nikuoe mimi. Vyovyote."

Hofu haikumtoka Larysa. Aliiona Oktoba ijayo, timu ikiingia uwanjani na Garnet yuko nyumbani, na siku ambazo atauliza swali moja mara tatu. "Kuna siku utanichukia kwa hili," alisema.

"Zipo. Utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Basi twende. Mama yuko garini pale, na amesema nisirudi bila jibu."

Larysa alitazama ng'ambo ya barabara. Mama Fehr alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, macho mbele kabisa, kama mtu asiyejua lolote. Walivuka, Larysa akaingia kiti cha nyuma na viatu vyake vya tope.

"Amekuuliza?" mama alisema bila kugeuka.

"Ameniuliza, mama."

"Ukasemaje, mwanangu?"

"Nimekubali."

Mama Fehr aliwasha gari. Kwenye kioo cha juu Larysa alimwona akiuma mdomo ili asilie.

"Haya, fungeni mikanda," alisema mama. "Barabara ina utelezi."