Bangili Iliyopita Bila Sabuni

Bangili ilipita bila sabuni, na hapo hapo Raudha angepaswa kuivua, kuirudisha mezani na kutoka dukani bila kuaga.

Lakini nani angefanya hivyo baada ya kuhangaika siku tatu? Jedi, lile jiwe la kijani la Wachina, linachongwa bangili isiyo na kifungo wala bawaba. Ni duara zima. Ukitaka kuivaa unavika kiganja mfuko wa nailoni, unapaka sabuni, unakunja dole gumba, kisha mwenye duka anasukuma na wewe unakaza meno. Ikishapita kwenye mifupa, imepita, utalala nayo na kuoga nayo. Raudha aliyajua hayo yote kwa sababu mwezi mzima alikuwa akitazama video za jedi kwenye simu, bando linaisha leo, kesho ananunua jingine.

Na alikuwa na sababu yake. Alikuwa mtalaka wa miaka sita. Katika ndoa ile kila kidani na kila kipini alichovaa kilichaguliwa na mume, na siku ya talaka vyote vilirudi kwa mama mkwe ndani ya kopo la maziwa. Tangu hapo alikuwa ameapa: cha kwanza atakachovaa tena, atakichagua mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kuchora piko, ile hina nyeusi, pale Tandika, na maharusi wa Temeke wakimfuata nyumbani. Mkono wake wa kulia ndio uliomlisha. Aliona ni haki mkono huo nao upambwe.

Duka lilikuwa Sinza, la dada mmoja aitwaye Jenipher, aliyekuwa akiagiza vito kutoka China. Bangili ya kwanza Raudha aliigusisha shavuni, haikuwa na baridi. Plastiki. Ya pili aliiinua kwenye mwanga, akaona viputo. Kioo hicho. Ya tatu ilikuwa jiwe kweli, ila rangi ilikuwa imejikusanya kwenye nyufa kama hina ya mchoraji mvivu.

"Dada, unanichosha," Jenipher alisema siku ile ya tatu. "Wateja wangu wa Msasani wananunua hizi hizi, na hakuna hata mmoja anayezipakaza mashavuni."

"Basi wamevaa chupa za soda," Raudha akamjibu. Machozi ya hasira yalikuwa karibu. Mtu wa miaka thelathini na saba, anataka kitu kimoja tu cha kweli, na hata hicho anaambiwa anasumbua!

Ndipo alipoiona nyingine, kwenye droo iliyoachwa wazi nusu, imeviringishwa kitambaa chekundu.

"Hiyo siyo mpya," Jenipher akasema haraka. "Ilikuja kwenye mzigo, mie sikuiagiza. Halafu ni ndogo, haikuingii. Na wanasemaga jedi ndiyo inayomchagua mtu."

"Mie nimechaguliwa vya kutosha, dada'angu. Leo nachagua mwenyewe. Nipe."

Shavuni ilikuwa baridi hasa. Kwenye mwanga ilionyesha nyuzinyuzi ndani kwa ndani. Aliigonga kwa sarafu, ikatoa sauti nyembamba, ndefu, isiyotaka kuisha: tiiin. Jenipher akaenda nyuma kuleta sabuni na maji. Aliporudi na bakuli, bangili ilikuwa tayari kwenye kifundo cha mkono wa kulia, na Raudha hakukumbuka kuisukuma.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Jua lilipozama, Raudha akafanya kosa ambalo Jenipher asingelifanya, wala Mchina aliyelichonga lile jiwe. Ni kosa la binti wa Kizaramo aliyelelewa ndani ya moshi wa udi. Kwao kitu kipya cha kujipamba hakivaliwi kikavu. Akawasha chetezo, akatia udi, akazungusha mkono juu ya moshi mara saba. Akainyunyizia bangili marashi. Kisha akachukua koni ya piko na kwa mkono wa kushoto akajichora maua kuizunguka, yakatoka yamepinda kidogo, akacheka.

"Karibu kwangu," akaiambia, kwa utani tu.

Moshi wa udi kwa kawaida hupanda darini. Ule ulikaa kifundoni mpaka chetezo kikapoa.

Wiki iliyofuata mkono wake ulichora kama ambavyo haujawahi kuchora. Mistari ilitoka myembamba kama unywele, majani yakajikunja yenyewe, na wanawake wakaanza kuja kutoka hadi Goba. Raudha alifurahi, tena sana. Alijiambia kwamba ndivyo mtu anavyokuwa akijithamini.

Kisha harufu ikaanza. Kila saa saba mchana, jua la utosi, chumba kilijaa udi, na chetezo kiko kabatini kimefunikwa. Halafu sauti. Mkono umelala pajani, haugusi kitu, na bangili inalia yenyewe, tiiin, kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha na hana haraka ya kufunguliwa.

Alijaribu kuivua. Sabuni, mafuta ya nazi, mfuko wa nailoni, mafuta ya kula, kamba iliyozungushwa vidoleni. Dole gumba likavimba. Akachukua mchi akaipiga, mchi ukapasuka. Akampigia Jenipher.

"Ulitaka ya kweli, dada," Jenipher akasema. "Si ndiyo hiyo?" Akakata simu. Raudha akaketi sakafuni akalia kwa hasira, maana mwanamke yule alikuwa amesema kweli tupu.

Siku ya pili alikuja Zubeda, bi harusi wa Mbagala, binti mpole mwenye vidole virefu. Alitaka maua vidoleni tu, kifundo kibaki kitupu. Raudha akaitikia, akashika koni, akaanza na kidole cha shahada. Lakini saa ilikuwa saba, na udi ulipopanda puani mkono wake ukaacha kidole ukateremka kiganjani, ukashika kifundo cha Zubeda na kuanza kukizungushia mstari mnene, nao Raudha akauvuta kwa mkono wa kushoto, akauvuta tena kwa nguvu zote mpaka bega likalia, na mkono ukaendelea polepole, kwa utulivu wa fundi anayejua kazi yake, mpaka mwisho wa mstari ukakutana na mwanzo wake na duara likafungika.

"Dada Raudha," Zubeda alinong'ona, "si nilisema vidole tu?"

"Nilikusikia, mdogo wangu."

"Sasa mbona..."

"Nilikusikia!"

Maharusi wengine watatu walifuata wiki ile, na wote walitoka na duara kifundoni. Wakaambiana kuwa ni mtindo mpya. Wakausifu.

Jumatatu asubuhi Raudha alibisha kwa shangazi yake, Bi Mwajabu, huko Mtoni, kungwi wa siku nyingi aliyekuwa pia akipunga majini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unanukia harusi?"

Raudha akamsimulia yote. Alipofika kwenye udi, marashi na piko, Bi Mwajabu akajipiga paja.

"Mjinga wewe! Kitu usichokijua asili yake unakifukizia mvuje, kikimbie. Wewe umekifukizia udi, ukakipaka marashi, ukakichorea piko, ukakikaribisha. Hayo anafanyiwa nani, kama si bwana harusi? Umejiozesha."

"Niliichagua mwenyewe, shangazi," Raudha akasema. "Kitu kimoja. Kimoja tu nilichagua."

Bi Mwajabu akapalia makaa. Akamfunika shuka nyeupe, akatupa mvuje kwenye makaa. Uvundo wake ukapanda ukakutana na harufu ya udi iliyotoka kwa Raudha mwenyewe, na harufu mbili zikasongana chini ya shuka mpaka pumzi ikawa shida.

"Nani wewe?" Bi Mwajabu akauliza.

"Mume wake," ikajibu sauti nzito, na Raudha alishtuka kuhisi kuwa inatoka kinywani mwake, ulimi wake mwenyewe ukijipinda kutamka maneno ambayo hakuyaita.

"Una dini?"

"Ninayo."

"Basi unajua sheria. Mwanamke asiyetaka ndoa anarudisha mahari, anaachwa. Ulimpa nini?"

"Mkono. Ile mistari anayoringia."

Chini ya shuka Raudha aliumia kuliko alipoumia dole gumba. Hata hilo halikuwa lake!

"Mrudishie," Bi Mwajabu akamwamuru Raudha. "Kwa kinywa chako."

Akautafuta ulimi wake, akaukuta mzito, mchungu kwa mvuje, umekaliwa, akausukuma kama alivyosukuma ile bangili kwa sabuni na mafuta, akasukuma huku jasho likimtiririka na jiwe likilia tiiin tiiin bila kupumzika, mpaka neno likatoka: "Chukua."

Sauti nzito ikacheka, bila kinyongo hata kidogo.

"Mwache aende. Wanne wananitosha."

Bangili ikateleza ikaanguka kwenye mkeka. Bi Mwajabu alidhani jini anataja wake zake wa ujinini, hakuuliza. Alifunga jiwe kwenye kaniki, na mchana huo huo likatupwa kwenye maji ya kina. Raudha akalala siku mbili.

Mkono wake ukarudi ulivyokuwa zamani: mzuri, si wa ajabu. Wateja wa Goba wakapungua. Hakujali. Kifundo kilikuwa kitupu, na utupu ule aliupenda kuliko kito chochote.

Wiki ya tano simu ikalia. Alikuwa Zubeda, na alizungumza chini chini, kama aliyejifungia bafuni.

"Dada Raudha, piko lako la kifundoni halitoki."

"Piko zuri hukaa, mdogo wangu. Litafifia."

"Vidoleni limefifia. Hili limekuwa la kijani. Na lina baridi. Mume wangu anasema ninanukia udi, nami sina udi ndani. Ngoja usikie."

Ikasikika simu ikisogezwa. Halafu, kama kitu kigumu kikigonga sinki: tiiin.

Raudha akaanza kuhesabu kwa vidole. Zubeda. Yule wa Jumatano. Wale ndugu wawili wa Yombo. Alipofika cha nne akasimama. Hakuna hata mmoja wao aliyeomba duara lile.

"Dada Raudha? Uko hapo?"

Simu ikatetemeka sikioni mwake. Kuna mwingine alikuwa anapiga. Akaitazama: ni yule wa Jumatano.