Siku ya Kura Hajui Kusoma

Mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu, anaitwa Bi Mwanatatu. Tunaishi naye Mkunguni, kijiji cha wakulima nyuma ya Mtongwe. Tangu ajifunze kusoma katika darasa la watu wazima, hatupumui. Anasoma kila kitu, na anasoma kwa sauti.

Asubuhi nakoroga uji, yeye ameshika pakiti.

"U-nga wa ma-hi-ndi. Hi-fa-dhi pa-ka-vu. Salha!"

"Abee, mama."

"Waiweka wapi hii? Yataka pakavu!"

Anasoma sabuni. Anasoma leso yangu nami nimeivaa. Anasoma bango la zahanati yetu: "Imefungwa." Muuguzi hatujaletewa tangu uchaguzi uliopita. Mama ana presha, na dawa anazifuata hadi Likoni.

Lakini siku ya kura, mama huyu huyu husimama mbele ya karani akasema, "Mimi sijui kusoma."

Si yeye peke yake. Wazee wa Mkunguni wote husema hivyo. Hata Mzee Rashid, aliyekuwa karani bandarini! Aliyewafundisha kusema hivyo ni Hassan, mpambe wa diwani. Asiyejua kusoma, na hana msaidizi, huwekewa alama na msimamizi wa kituo mbele ya mawakala wa wagombea. Mzee hutaja jina, wakala wa diwani husikia, Hassan hupata habari. Chakula cha msaada kikija, asiyemtaja diwani hurukwa.

Uchaguzi ulipokaribia, Hassan akaja tena.

"Shikamoo, Bi Mwanatatu. Wajua la kusema?"

"Marahaba, mwanangu. Sijui kusoma."

"Ewaa!"

Nilitamani kumrushia mwiko. Alipoondoka nikasema, "Mama! Jana umenisomea dawa ya mbu juu mpaka chini! Na diwani huyu hata muuguzi hakutuletea!"

"Sitaki maneno na watu mie. Hassan akininyima unga, utanipa wewe?"

"Nitakupa!"

"Kwa kazi gani?"

Wallahi, mama huyu ataniua. Nikaenda kumwita Mwende, jirani yetu. Yeye ndiye mwalimu wa lile darasa, na amewahi kuwa karani wa uchaguzi.

"Bi Mwanatatu," Mwende alisema, "kura ni siri yako. Hassan hana ruhusa ya kukulazimisha useme. Kumtisha mpiga kura ni kosa, anaweza kushtakiwa. Na chakula cha msaada si chake. Akikuruka, tutakwenda kwa chifu mimi na wewe."

"Na asiyejua kusoma kweli?"

"Aende na mtu mzima anayemwamini. Mtu huyo huapa kutunza siri, na humsaidia mpiga kura mmoja tu. Lakini wewe wajua kusoma. Ingia peke yako. Kila karatasi ina majina, picha na alama za vyama. Weka alama kwa mgombea mmoja tu. Kunja karatasi, itie katika sanduku lake."

"Peke yangu? Hakuna anayenisikia?"

"Hakuna."

Mama alitazama kopo lake la dawa, lilikuwa tupu. "Haya," akasema. "Nifundishe."

Mwende akachora karatasi ya mfano. Badala ya wagombea akaandika vyakula. Mama akaishika kwa furaha.

"Mu-ho-go! Na-zi!"

Mwende akashika kichwa. "Bi Mwanatatu, ukisoma hivyo wakala atakusikia akiwa nje!"

Hapo ndipo nilipoona cha moto. Mama hakuwahi kusoma kimya maishani mwake. Tulijaribu asubuhi, tukajaribu jioni. Alianza vizuri, kisha neno likamtoka.

"Nimesoma kimya leo!"

"Mama, hata mbuzi wamesikia."

Wenzake wa darasa nao wakaja kujifunza kufunga midomo. Nyumba yangu ilijaa bibi wanaonong'ona mihogo. Nilichoka, nasema kweli.

Siku ya kura nilikuwa nyuma yake kwenye foleni. Msimamizi akamwuliza, "Bibi, utasaidiwa?" Wakala wa diwani akainama, sikio tayari.

"Najua kusoma!" mama akasema. Chumba kizima kiligeuka.

Akaenda kwenye kibanda cha kupigia kura. Mimi roho juu, nasubiri kusikia jina la mtu likikatwa vipande vipande. Hakikutoka kitu. Akarudi, akatia karatasi zake. Mzee Rashid, aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, akakohoa. "Hata mimi najua," akasema.

Nje Hassan alikuwa akingoja mbali na lango. "Bi Mwanatatu, vipi?"

"Salama."

"Ulimpa nani?"

"Salama, mwanangu."

Diwani mpya alishinda. Hakujua nani alimpa kura na nani alimnyima, kwa hiyo ilimbidi aamkie kila nyumba. Kila bibi wa darasa alimwambia neno moja: muuguzi. Wakalirudia kila alipopita, mpaka muuguzi akaja. Sasa mama hupimwa presha hapa hapa Mkunguni. Chakula cha msaada kilipokuja, kiligawanywa na Hassan, ambaye sasa ni mpambe wa huyo mpya, msishangae. Hakurukwa mtu. Angemruka nani?

Mimi nimebaki na dukuduku langu. Jana nilishindwa kuvumilia.

"Mama, mimi ni mwanao. Ulimchagua nani?"

Akachukua pakiti ya unga, akaisoma juu mpaka chini, midomo imefungwa.