Kapu ni Tupu

Harufu ilitangulia sauti. Kontena lililokuwa ofisi ya mradi lilinuka zege bichi, ilhali mashine ya kuchanganyia haikuwa imezungushwa tangu ajali. Nyapara alisema ni unyevu. Kwa nyapara kila kitu kilikuwa unyevu, hata jino lake likiuma.

Kisha mchana mmoja, misumeno na nyundo ziliponyamaza ili watu wale chakula, bomba la jukwaa la ujenzi likagongwa huko juu, pasipokuwa na mtu. Ngo. Ngo. Ngo.

Vijiko vikasimama hewani. Mafundi wa jukwaa hawaitani kwa kelele. Hugonga bomba kwa spana. Mara mbili, njoo. Mara tatu, usikanyage. Na aliyegonga hivyo, pigo la tatu likichelewa kidogo kama la mtu aliyekumbuka jambo, alikuwa mmoja tu: fundi aliyeitwa Popo, kwa sababu ilikuwa kazi kumshusha chini. Naye walikuwa wameshamzika.

Popo alikuwa mdogo wake afisa usalama, mwanamke ambaye mafundi walimwita Dada Helmeti, maana hakuitikia salamu ya mtu kabla ya kumtazama kichwani. Mumewe ndiye mhandisi mkuu wa mradi. Kwa hiyo ubao wa ghorofa ya nne ulipokatika na Popo akaanguka nao, msiba uliingia nyumba moja kwa milango miwili.

Wakaguzi waliuliza jambo moja: je, ubovu wa ubao ule ulijulikana? Dada Helmeti akasema ulijulikana. Popo mwenyewe ndiye aliyeuona ufa akagonga mara tatu; naye dada mtu akaupiga picha na kuandika taarifa kwenye programu ya mradi. Akafungua kompyuta mbele yao. Hapakuwa na taarifa wala picha. Bila hiyo, faili lingefungwa kwa neno moja, uzembe, na mtoto wa Popo angekua akiitwa mtoto wa mzembe.

"Labda ilifutwa," alimwambia mumewe nyumbani. "Vilivyofutwa huenda kwenye kapu, na kapu unaliona wewe peke yako. Hebu niangalizie, Baba Pacha."

"Nimeshaangalia, mama. Kapu ni tupu." Akampandishia shuka mabegani. "Msiba humfanya mtu akumbuke hata asichokifanya."

Akamwamini. Mtu akikufunika shuka unamshukuru, humkagui mikono.

Mafundi wakagoma kupanda. Nyapara, aliyekwisha kuachana na habari za unyevu, akaleta mganga: mama mnene mwenye miwani ya kusomea, aliyevaa helmeti bila kuambiwa. Aliyemshangaza Dada Helmeti ni mumewe. Mtu wa shahada mbili, aliyezoea kusema majini ni ugonjwa wa wasiosoma, ndiye aliyekimbia kumfungulia mganga mlango.

"Lifukuze upesi," alinong'ona. "Wakaguzi wanarudi jioni kufunga faili."

"Hata sijaketi," mganga akasema. "Wewe umeshalijua ni lipi?"

Akafukiza. Moshi haukupanda, ulitambaa sakafuni ukaenda kujikusanya chini ya meza ya mhandisi, na hapo ndipo chuma kilipogongwa, si nje tena bali kwenye mguu wa meza ile ile, mara moja, mara mbili, kisha ile ya tatu iliyochelewa, na harufu ya zege ikawa nzito hata nyapara akauma kola ya shati lake, na vumbi la saruji likaanza kushuka darini taratibu, na vibonye vya kompyuta ya mhandisi vikaanza kuzama kimoja baada ya kingine chini ya vidole visivyoonekana na visivyo na haraka, mpaka kioo kikawaka, na lile kapu lililokuwa tupu likafunguka.

Ndani mlikuwa na taarifa moja. Ubao, ghorofa ya nne. Picha ya ufa. Chini yake: imesomwa na mhandisi mkuu, siku moja kabla ya ajali. Chini zaidi: imefutwa na Dada Helmeti, kwa jina lake kamili.

"Si mimi," alisema, kisha akaona saa iliyoandikwa pale. Saa hiyo alikuwa makaburini, wanawake wawili wamemshika asianguke. Akamkumbuka mumewe akijitenga nyuma ya watu, kainamia simu, naye akadhani analia. Neno lake la siri la programu alimpa mumewe yeye mwenyewe, siku alipojifungua pacha, ili amjazie ripoti.

"Ni wewe uliyempandisha Popo?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Zege lilikuwa linasubiri. Nikamwambia, panda tu, shemeji, ubao umeshabadilishwa. Nilidhani umebadilishwa."

"Na wakati unafuta, ulidhani nini?"

"Niliwaza pacha. Nikifungwa, nani atawalea?"

"Ukaona bora nifungwe mimi."

Mhandisi akaona kidole cha mkewe kikielekea kitufe cha kurudisha taarifa. "Usibonyeze, mke wangu. Nakuomba."

Mkewe akabonyeza Rudisha. Harufu ikakatika kama bomba lililofungwa.

"Limeondoka?" nyapara akanong'ona.

Mganga alikuwa akifunga mkoba wake, macho kwa mhandisi aliyekuwa akitoka mlangoni peke yake. "Hapa, ndiyo," akasema. "Limepata lifti."

Jioni wakaguzi waliisoma taarifa, na neno uzembe likahama kutoka jina moja hadi jingine. Mhandisi alihamia kwa kaka yake akisubiri kuitwa. Siku haikupita, simu ya Dada Helmeti ikalia.

"Mama Pacha." Alinong'ona kama mtu aliyejifunika gubigubi. "Kuna anayegonga chuma cha kitanda. Nimetazama chini, hakuna mtu. Sikiliza."

Akasikiliza. Ngo. Ngo. Akaisubiri ya tatu, ile inayochelewa. Akasubiri sana. Haikuja.

"Ni shemeji yako," akamwambia. "Anakuita."